Tulichoahidiwa Rufiji

Anayetaka kujua makampuni makubwa yameifanyia nini Rufiji asianzie kwenye vibao vya misaada vilivyosimikwa mbele ya zahanati. Aanzie kwenye mikoko. Kabla ya ukoloni majahazi yalikuwa yakiingia delta ya mto Rufiji na pepo za kaskazi kufuata boriti, na mpaka leo zipo nyumba za mawe Unguja na Ghuba ambazo dari zake zimelala juu ya miti ya Rufiji. Wajerumani walipoishika pwani waliona mali mbili katika msitu ule: boriti zenyewe, na magome yenye tanini inayotumika kutengenezea ngozi viwandani Ulaya. Mwaka 1898 mikoko ya delta ikatangazwa hifadhi ya serikali, miongoni mwa hifadhi za kwanza kabisa za misitu katika koloni lile. Vibali vya kuvuna vikatolewa kwa wafanyabiashara, na mwenyeji aliyezoea kukata nguzo ya nyumba yake akatakiwa ailipie. Hapo ndipo uhifadhi na biashara vilipoingia Rufiji kwa mlango mmoja, na mwenye kijiji akabaki nje ya mlango huo.

Mimi ni mtu wa bondeni, wa Ngorongo, ukingo wa kaskazini wa mto, kwenye njia ya kuelekea Mloka. Nimekuwa mwanakamati wa maliasili wa kijiji na ndiye niliyekuwa nikiandika mihtasari, kwa hiyo ninayoyasimulia mengine nimeyashika kwa mkono wangu. Nina jambo moja la kusema, na historia yetu yote inalithibitisha: wema wa kampuni hudumu kijijini pale tu kijiji chenyewe kinapokuwa na haki iliyoandikwa, na watu wa kuisimamia.

Bonde letu limeishi kwa mafuriko. Maji yakipanda yanaleta matope yenye rutuba, yakishuka tunapanda mlau: mahindi, kunde, maboga, kwenye udongo uliobaki na unyevu. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na kuanzia 1969 familia nyingi zikahamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu. Wazee wangu walikuwa miongoni mwao. Shule na zahanati zilikuwa juu, lakini shamba lenye rutuba lilibaki chini. Basi msimu wa kilimo mama alikuwa akivuka na kulala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, akipiga debe usiku kucha kufukuza nguruwe pori.

Nguruwe hao, na simba wanaowafuata, na tembo, walitoka upande wa Selous. Pori hilo la akiba liliandikwa urithi wa dunia mwaka 1982, na kwa muda mrefu lilikuwa maarufu kwa uwindaji wa kitalii. Serikali ilipiga marufuku uwindaji huo mwaka 1973. Ulipofunguliwa tena 1978 ulikabidhiwa shirika la umma, TAWICO, na miaka kumi baadaye vitalu vikaanza kukodishwa kwa makampuni binafsi. Ada za vitalu na za wanyama ziliingia hazina. Sisi tulioishi mpakani tulibaki na nguruwe. Mradi wa uhifadhi wa Selous ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wajerumani ulikuwa wa kwanza kukaa na vijiji vya jirani na kuvipa mgao wa nyama, nao ulitufundisha kwamba mazungumzo ya namna hiyo yanawezekana.

Kisha likaja suala la kambamiti. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya African Fishing Company ilipeleka serikalini mpango wa kuchimba mabwawa ya kufugia kambamiti kwenye delta, katika eneo la takribani hekta 10,000. Mikoko ya Rufiji ndiyo mikubwa kuliko yote Afrika Mashariki, na kambamiti wachanga wa baharini hukulia humo humo. Kampuni iliahidi ajira, barabara na huduma za jamii. Baraza la mazingira la taifa, NEMC, lilishauri mradi ukataliwe. Hata hivyo Baraza la Mawaziri liliuridhia mwishoni mwa 1997.

Delta iligawanyika. Wapo waliosema tukatae njaa, tupokee kazi. Wapo waliouliza mtoto wao atavua wapi mikoko ikishaondoka. Wakazi wakasaidiwa na wanasheria wa mazingira wa LEAT, na shauri likafikishwa Mahakama Kuu mwaka 1998, huku waandishi wa habari za mazingira wakiliandika gazetini wiki baada ya wiki. Mradi ulikwama na mabwawa hayakuchimbwa. Watu husimulia habari hii kama ushindi juu ya kampuni. Mimi naiona kama siku watu wa Rufiji walipojua kwamba ahadi ya zahanati inaweza kuwekwa mezani, ikapimwa na thamani ya kile kinachotakiwa kutolewa, na ikakataliwa.

Miaka hiyo hiyo, kati ya 1998 na 2003, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, na halmashauri ya wilaya waliendesha mradi wa mazingira wa Rufiji. Kijiji cha Mtanza-Msona kiliandika mpango wake wa mazingira na kutenga msitu wa kijiji wenye sheria ndogo. Faida ya jambo hilo ilionekana upesi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003 na kivuko cha Ndundu kikastaafu, malori ya mbao yalimiminika kusini mwa mto. Kijiji chenye msitu uliopimwa na daftari la vibali kilikuwa na la kumwambia mfanyabiashara. Kijiji kisicho na karatasi kilipewa shilingi chache kwa gogo na kuachiwa visiki.

Sisi ukingo wa kaskazini miaka hiyo tulikuwa tukizika watu. Kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004 simba aliua watu 35 katika vijiji vinane vya Rufiji, mpaka askari wa wanyamapori walipomuua. Wengi walikamatwa wakiwa shambani, wakilinda mazao yasiliwe na nguruwe. Nalitaja hili kwa sababu hotuba za uhifadhi hupenda kusema wanyamapori ni hazina ya taifa. Ni kweli ni hazina, na sehemu ya gharama ya kuitunza ililipwa kwenye madungu yetu. Kanuni za 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni moja kwa aliyefiwa, na kifuta jasho kwa aliyeharibiwa shamba, kwa ekari zisizozidi tano. Kampuni inayopata mapato kutokana na wanyama hao inapochimba kisima kijijini, inarudisha sehemu ya kile ambacho watu wamekwisha kulipa.

Njia ya kurudisha kwa haki ilifunguliwa na sera ya wanyamapori ya 1998, ikafuatiwa na kanuni za 2002 zilizoruhusu vijiji kutenga ardhi yao kuwa hifadhi ya jamii na kuingia mkataba na mwekezaji. Watu wa vijiji vya Ngarambe na Tapika, ng'ambo ya kusini, walianzisha jumuiya yao, MUNGATA. Kwetu ikaundwa JUHIWANGUMWA, jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya Ngorongo, Utete na Mwaseni. Kanuni zilisema, kwa uchache, nusu ya mapato ya jumuiya iende kwa vijiji wanachama, asilimia 25 iendeshe jumuiya yenyewe, na asilimia 15 irudi kutunza maliasili. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu kulikuwa na hesabu ambayo mtu wa kijijini angeweza kuisoma na kuuliza.

Nakumbuka mkutano mmoja chini ya mwembe. Kampuni moja ya utalii, jina lake nitaliacha, ilikuwa imeleta mwakilishi, kijana mwenye adabu, amebeba jezi za timu ya vijana na habari njema ya kisima. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda mbele alinyoosha fimbo akaomba neno.

"Mwanangu, kisima hiki ni zawadi, au ni mgao wetu?"

"Ni zawadi ya kampuni, mzee wangu."

"Tunashukuru sana, Mungu awazidishie. Na mgao wetu uko wapi?"

Kijana alitazama karatasi zake. Mwenyekiti akataka kuendelea na ajenda, lakini watu walikuwa wamekwisha kusikia. Niliandika swali lile kwenye muhtasari neno kwa neno, na kikao kilichofuata lilikuwa yatokanayo ya kwanza.

Kisima kilichimbwa. Ilifungwa pampu ya mkono, sakafu ya saruji ikapigwa, picha zikapigwa pia, na maji yalikuwa matamu. Baada ya misimu miwili mpini ukawa unapanda na kushuka bila kutoa tone, kwa sababu mpira wa pistoni ndani ya bomba ulikuwa umekwisha. Kipuri chenyewe ni kidogo, kinaingia kiganjani, ila fundi alikuwa Ikwiriri na kipuri kilipatikana Dar es Salaam, na katika zawadi ile hakukuwa na mstari hata mmoja unaosema nani atanunua. Wanawake wakarudi mtoni kwenye mamba na ndoo zao. Pampu ilikuja kufufuka fedha za mgao zilipofika: mkutano mkuu uliamua sehemu yake iwe mfuko wa maji, ikateuliwa kamati yenye wanawake wengi kuliko wanaume, na kila kaya ikachangia kidogo kwa mwezi. Kampuni ilitoa kisima kwa moyo mwema, nami siuchukulii wema huo kwa wepesi. Lakini kilichokifanya kisima kidumu ni daftari la mweka hazina.

Bonde halikuacha kupokea wageni wenye ahadi. Kampuni ya Uswidi, SEKAB, ilikuja kutafuta ardhi kubwa ya kulima miwa ya kutengenezea mafuta, ikazungumza na vijiji juu ya ajira na huduma, kisha mwaka 2009 ikajiondoa. Vijiji vilivyokuwa vimeitisha mikutano mikuu, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inavyotaka, vilibaki na kumbukumbu ya kilichosemwa. Kumbukumbu hiyo ni mali, maana anayekuja na ahadi mpya anaweza kuonyeshwa za aliyemtangulia.

Mradi mkubwa kuliko yote ni bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililojengwa na makampuni mawili ya Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, chini ya mkataba uliosainiwa Desemba 2018 wenye thamani ya takribani shilingi trilioni 6.5. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye kilomita za mraba zaidi ya 30,000. Bwawa lilianza kujazwa Desemba 2022, na umeme wa kwanza ukaingia gridi mapema 2024. Fedha za wajibu wa mkandarasi kwa jamii zikawa gumzo la kitaifa: zitumike wapi, na nani apange. Ninasimama na waliosema wapange wanaoishi na mto. Ukuta unaozuia maji unazuia na matope, na matope hayo ndiyo mlau wetu, ndiyo pia mikoko ya delta. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, taasisi na makampuni zikaleta unga, mahema na mbegu. Tulivipokea kwa shukrani. Kinachotakiwa kwa miaka ijayo ni makubaliano ya wazi juu ya maji yatakayoachiwa, lini na kwa kiasi gani, na taarifa itakayomfikia mkulima kabla maji hayajamfikia.

Sasa inakuja biashara ya kaboni, na mikoko yetu inatazamwa upya. Tunaye jirani wa kumwangalia. Gazi, kusini mwa Mombasa, mradi wa Mikoko Pamoja unauza tangu miaka ya mwanzo ya 2010 kaboni iliyohifadhiwa kwenye hekta 117 za mikoko, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule kwa uamuzi wa wanakijiji wenyewe. Hekta 117 ni kipande kidogo sana ukilinganisha na delta yetu yenye zaidi ya hekta 50,000. Gazi wamefaulu kwa sababu kamati yao ina jina, akaunti na hesabu inayosomwa hadharani.

Kwa hiyo nawaambia vijana wanaokalia viti vyetu kwenye kamati: mkataba wowote, wa utalii, wa kaboni au wa umeme, usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu kabla haujasainiwa, na nakala ibaki ofisi ya kijiji. Mgao utajwe kwa asilimia na kwa tarehe ya kulipwa. Kila kinachojengwa kiandikiwe nani atakitunza na kwa fedha gani. Kampuni yenye nia njema haitaona taabu kutimiza hayo, na yapo makampuni ya namna hiyo, nimekaa nayo mezani. Mihtasari yetu ya zamani ipo ofisini. Someni kwanza, halafu muiteni mgeni.