Tafakari ya Juma: Kutoka Rehani Hadi Uhuru



Wapendwa taifa la Mungu, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, tunakutana na mjane aliyeachiwa deni na marehemu mumewe. Mdai amekuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Nabii Elisha hamwambii mama huyo avumilie, wala hatoi fedha mfukoni. Anamwuliza ana nini nyumbani. Mama ana chupa ya mafuta tu. Basi anaagizwa aazime vyombo kwa majirani, amimine mafuta, ayauze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kitakachosalia.

Mara nyingi tunahubiri muujiza wa mafuta tukaisahau sehemu hiyo ya mwisho: baada ya deni kulipwa, palikuwa bado na kitu cha kuishi. Juma hili tunapenda tuitazame historia yetu kwa jicho la mjane huyo, kwa sababu katika mitaa yetu ya Manzese wako akina mama na akina baba wengi ambao hawapati usingizi kwa kumwogopa mdai. Swali letu ni moja: anayetolewa katika kifungo cha deni anahitaji nini ili asirudi humo tena?

Binadamu kuwekwa rehani

Leo tukisikia neno rehani tunafikiria hati ya nyumba, cherehani au jokofu. Katika karne ya 19, pwani yetu na bara yake, binadamu naye aliwekwa rehani. Njaa ilipoingia, ukoo uliokosa chakula uliweza kumpeleka mtoto kwa mwenye akiba ya nafaka, akae kwake na kumfanyia kazi mpaka deni lilipwe. Kwa desturi mtu huyo hakuhesabiwa kuwa mtumwa, kwa kuwa ndugu zake walikuwa na haki ya kumkomboa. Lakini njaa ilipoendelea, au ndugu walipokufa na kutawanyika, mkombozi hakutokea, na tofauti kati ya rehani na utumwa ikafutika kimyakimya.

Ndugu zetu Wazigua wanaikumbuka habari ya namna hiyo kwa uchungu. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830, wengi wao waliteremka pwani kutafuta chakula, na mapokeo ya wazee yanasimulia kwamba walikubali kwenda kufanya kazi ng'ambo wakidhani watarudi. Waliishia utumwani kusini mwa Somalia. Baadhi yao walitoroka na kujenga vijiji vyao katika bonde la Mto Juba, ambako lugha yao ya Kizigua iliendelea kuzungumzwa na wazao wao. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, sehemu ya wazao hao walikimbilia Tanzania, na miaka iliyofuata wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Chakula cha msimu mmoja wa njaa kililipwa kwa zaidi ya miaka 150 ya uhamisho.

Bagamoyo: fidia na mipaka yake

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka 1863, na mwaka 1868 wakaanzisha misheni ya Bagamoyo chini ya Padre Anton Horner. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa bado wazi; lilifungwa mwaka 1873 katika utawala wa Sultani Barghash, kwa shinikizo la Waingereza. Wamisionari walitoa fedha na kuwakomboa watoto. Fedha hizo kwa sehemu kubwa zilichangwa na watoto wa Ulaya kupitia Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843. Watoto wetu wa Utoto Mtakatifu wajue kwamba shirika lao limeshiriki kufungua minyororo katika pwani hii hii tunayoishi.

Wakombolewa hao walifundishwa dini, kusoma, kilimo na ufundi. Walipokua waliunganishwa katika ndoa, wakapewa makazi na kipande cha shamba katika kijiji cha Kikristo kando ya misheni. Familia za Bagamoyo ndizo zilizofuatana na mapadre kuanzisha misheni ya Mhonda mwaka 1877 na ya Morogoro mwaka 1882. Imani yetu katika sehemu hizi za nchi ina deni kwao, na deni hilo ni la heshima.

Hata hivyo historia ya kweli haiishii hapo. Ardhi ilikuwa ya misheni. Sehemu kubwa ya juma wanakijiji walifanya kazi ya misheni, na muda uliosalia ndio uliokuwa wao. Kengele iliwapangia siku, na mambo mengi ya maisha yao yalihitaji idhini ya mapadre. Wamisionari waliyaona hayo kuwa malezi. Baadhi ya wakombolewa waliyaona kuwa ni kubadilishiwa bwana. Wapo walionung'unika, na wapo walioondoka kutafuta ujira mahali pengine. Padre Paul Kollman, mwanahistoria wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, alizisoma kwa makini barua za wamisionari wenyewe, na katika kitabu chake cha mwaka 2005 ameonyesha jinsi Wakristo hao wa kwanza walivyodai, kwa maneno na kwa miguu, nafasi ya kujiamulia mambo yao.

Hatusemi haya ili kuwahukumu waliotutangulia. Wengi wao walizikwa hapa wakiwa vijana, na bila wao watoto wale wangeuzwa. Tunasema haya kwa sababu yana somo kwetu sote: fidia humtoa mtu mikononi mwa mdai, lakini kama hana chake cha kusimamia na hana sauti katika kazi yake, atabaki akimtegemea aliyemkomboa.

Sheria peke yake haitoshi

Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Lakini ulimwenguni kifungo cha deni kimejua kuvaa nguo mpya. Katika jimbo la Punjab, nchini Pakistan, familia nyingi, zikiwemo za Wakristo maskini, zimefanya kazi ya kufyatua matofali kwa vizazi kwa sababu ya fedha za utangulizi walizopokea kwa mwenye tanuri. Deni la baba humwangukia mwana. Mwaka 1988 kundi la wafanyakazi hao, akiwemo Darshan Masih, walituma telegramu kwa Jaji Mkuu wakiomba kuokolewa. Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliisikiliza, na mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kufuta kazi ya kifungo cha deni. Hata hivyo matanuri hayakuacha kupata watu. Mfanyakazi aliyeachiliwa bila nyumba, bila ardhi na bila kazi nyingine, mtoto wake akiugua, hurudi kumwomba mwenye tanuri fedha za utangulizi.

Njia waliyopita wengine

Kanisa lilikwisha kutafuta jibu zamani. Mwaka 1462, katika mji wa Perugia nchini Italia, ndugu Wafransisko waliunga mkono kuanzishwa kwa mfuko wa kuwakopesha maskini kwa rehani ndogo, ili wasinyonywe na wakopeshaji wa riba kubwa. Mtaguso wa Tano wa Laterano uliikubali mifuko hiyo mwaka 1515, mradi kile kinachotozwa kiwe cha kugharimia uendeshaji tu.

Hatua kubwa zaidi ilikuja pale maskini wenyewe walipokuwa wenye mfuko. Katika Nova Scotia, nchini Kanada, kuanzia mwaka 1928 Padre Moses Coady na wenzake wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mjini Antigonish, waliwakusanya wavuvi na wakulima katika vikundi vidogo vya kujifunza. Kwanza walisoma hesabu za maisha yao wenyewe: samaki anauzwa kiasi gani, nani anapata faida, deni linatoka wapi. Ndipo wakaanzisha vyama vya akiba na mikopo na vyama vya kuuza mazao yao. Mawazo ya namna hiyo yalifika kwetu pia. Mwaka 1960, chini ya Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza, kilianzishwa Nyegezi chuo cha mafunzo ya kijamii, ambacho ndicho mzizi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilichozaliwa mwaka 1998. Nao akina mama wa Niger, kwa msaada wa shirika la CARE, walianza mwaka 1991 vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana wao kwa wao bila fedha ya mfadhili. VICOBA tunavyovijua leo ni vya ukoo huo.

Na sisi wa Manzese?

Tuje nyumbani. Mikopo inayoitwa kausha damu imepewa jina hilo na wananchi wenyewe, na jina linajieleza. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mama lishe anakopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 30, alipe ndani ya siku 30. Jumla ni 260,000, yaani karibu shilingi 8,700 kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, wateja waje wasije. Faida yake ikiwa 10,000 kwa siku, anabakiwa na 1,300 ya kulisha watoto. Mtoto akiugua siku mbili, anakopa kwa mwingine ili kumlipa wa kwanza. Baada ya hapo godoro na jiko vinabebwa majirani wakitazama. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Tujue haki zetu. Tangu itungwe Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha hana budi kuwa na leseni, na kwa wakopeshaji wa daraja la pili Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa mama yetu, hiyo ni shilingi 7,000 badala ya 60,000. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa simu bila kibali. Aidha, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba.

Kwa hiyo tunazialika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zifanye mambo matatu. Kwanza, tuvunje ukimya. Deni linalofichwa kwa mume au kwa mke hukua gizani. Na tunapomsikia jirani ana deni, tusimfanye habari ya kibarazani. Pili, jumuiya ikae na mwenye deni, iandike pamoja naye anadaiwa na nani, kiasi gani, kwa riba ipi, kisha wazee wawili wamsindikize kwa mdai kupatana. Tatu, tuanzishe akiba: hisa ndogo kila juma, sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba, na katiba inayosomwa na kila mwanachama. Mfuko huo wa ugonjwa na msiba usipuuzwe, kwa maana ndipo kausha damu inapoingilia.

Tena tunaomba ufunguo hata mmoja usiletwe nyumba ya mapadre. Parokia itoe ukumbi, mwalimu wa hesabu na sala, lakini sanduku liwe la wanachama. Wakombolewa wa Bagamoyo walitaka jambo hilo hilo kuhusu mashamba yao, na walistahili kupewa.

Elisha hakuingia ndani kuyahesabu mafuta. Mjane alifunga mlango wake, akamimina na wanawe, vyombo vikiwa vya majirani. Juma hili kila mmoja wetu ajiulize ni jirani gani anahitaji chombo chetu.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.