Doa Lililopimwa: Arthur Melville na Nidhamu ya Rangi za Maji

Rangi za maji, yaani rangi za unga zilizoshikanishwa kwa gundi ya mti na kuzimuliwa kwa maji, zilichukuliwa na wengi katika Ulaya ya karne ya 19 kuwa chombo cha rasimu, kinachofaa kunasa mandhari upesi kabla ya kazi yenyewe kuanza kwa rangi za mafuta. Makala haya yanashikilia kwamba Arthur Melville, mchoraji wa Uskoti aliyezaliwa Angus mwaka 1855, aliupindua mpangilio huo, na kwamba wepesi unaoonekana katika picha zake ni zao la nidhamu kali wala si la bahati.

Melville alisoma Edinburgh, kisha Paris kuanzia 1878, lakini safari ya Mashariki ndiyo iliyomkomaza. Kati ya 1880 na 1882 alipita Misri, Karachi, Maskati na Baghdadi, kisha akaendelea kwa farasi hadi Uturuki, huku akivamiwa na majambazi njiani. Jua la nchi hizo hula kingo za vitu, likabakiza mng'ao na kivuli tu, na mstari wa penseli aliofunzwa darasani haukuweza kulieleza.

Jibu lake lilianzia kwenye karatasi. Aliiloweka katika rangi nyeupe ya zinki iliyozimuliwa mpaka weupe ukaingia ndani ya nyuzi zake, kisha akaifanyia kazi ingali mbichi, akifuta kwa sponji kila kilichozidi na kudondosha rangi nzito kwa matone badala ya kuiburuta kwa brashi, hata kila tone likatandaa kama kidimbwi kidogo na kulainishwa na weupe ulio chini yake. Kwa kuwa tone likishaingia katika karatasi ya namna hiyo ni shida kuliondoa, mara nyingi aliweka kioo juu ya picha na kujaribia hapo madoa ya ukubwa na uzito mbalimbali, akaridhika kwanza ndipo akaigusa karatasi. Anayeona fujo katika madoa hayo basi hajaangalia vya kutosha: kila moja lilikwisha kupimwa, na pengine kukataliwa, kabla halijatua.

Hoja nzito zaidi dhidi yake ni kwamba watu wa Mashariki katika picha zake hawana nyuso, wamegeuzwa kuwa pambo la rangi. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi, kwani katika picha yake ya mchezo wa fahali wa Hispania, aliyoichora mwishoni mwa miaka ya 1880, umati wa Wazungu waliojaa majukwaani nao ni madoa matupu. Macho yake yaliuona umati wowote kwanza kama mwanga. Tofauti iko kwingine: Mhispania alikuwa na wachoraji wa kwao, tangu Velázquez hadi Goya, walioutunza uso wake kwa kumbukumbu, ilhali mtu wa Maskati alifika mbele ya watazamaji wa London kwa mkono wa mgeni, akiwa doa jeupe kando ya ukuta unaowaka jua.