Njia ya Leza na Kiunzi cha Miwani

Neno leza, ambalo lugha yetu imelipokea kwa sauti yake, limeundwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya nuru iliyokuzwa kwa kuchochewa mnururisho utoke. Gordon Gould aliliandika daftarini mwake mwaka 1957, na Theodore Maiman akaidhihirisha nuru yenyewe mwaka 1960. Hapa Ufipa, ambako Leeza ni jina la Mwenyezi Mungu, sioni taabu katika kufanana huko, maadamu jina tukufu hurefushwa irabu. Ila mwenye kufundisha mbele ya wazee itampasa atangulize neno nuru, aseme nuru ya leza.

Husemwa kwamba leza hukata mbao. Kauli hiyo haimtoshi fundi, kwani leza ya hewa ya ukaa, aliyoibuni Kumar Patel mwaka 1964 na ambayo aghalabu ndiyo itumikayo kwa mbao, haina meno wala makali: huunguza, ubao ukageuka moshi na mvuke, kingo zikabaki nyeusi. Wafipa, ambao wahenga wao walijenga malungu, yale matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, hawana haja ya kuelezwa mno kwamba moto ni chombo cha ufundi.

Moto huo hula ubao takriban milimita 0.2 kwa kila mstari, nami naona upana huo uitwe njia ya leza, kwa mfano wa njia ya msumeno. Fundi wa Kabwe, huku Ufipa, atakaye kuunda kiunzi cha miwani kwa mninga hana budi kuunganisha kwa gundi tabaka tatu nyembamba, nyuzi za tabaka la kati zikikingamana na za nje, kwa sababu ubao mmoja hupasuka upesi penye daraja la pua. Tundu la kati hulingana na lenzi, na matundu ya nje huwa madogo kuliko hilo, ili upatikane mfereji wa kuishika. Lenzi hutiwa kabla tabaka la mwisho halijagandishwa. Sasa, akichora tundu la kati sawasawa na kipimo cha lenzi, nusu ya njia huliwa kila upande, tundu likazidi, na lenzi ikacheza. Kwa hiyo mstari husogezwa ndani kwa nusu ya njia.

Neno kiunzi nalipenda kuliko fremu, kwa kuwa latokana na kuunda, kazi waijuayo vyema mafundi wa mitumbwi wa Ziwa Tanganyika. Kingo za kiunzi zisuguliwe kwa msasa mpaka weusi uishe, kisha zipakwe mafuta. Masizi yakiachwa, jasho huyahamishia usoni.