Pembepanda na Msamiati wa Msasi

Wageni walimwita mnyama huyu wa Marekani mbuzi. Septemba 1804, kando ya mto Missouri, mpelelezi William Clark alimpiga risasi mmoja na katika shajara yake akamwandika kuwa mbuzi wa nchi ile. Baadaye mtaalamu wa wanyama George Ord akamfunga jina la kisayansi, Antilocapra americana, yaani swala-mbuzi wa Marekani: wanyama wawili, na yeye si yeyote kati yao. Wawindaji wa jimbo la Wyoming wameyabakiza yote mawili. Kwenye fomu ni swala, kwenye soga ni mbuzi wa mbio.

Wataalamu wanamweka peke yake katika familia ambayo ndugu zake wengine wote wametoweka. Jamaa zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi. Hapo Kiswahili kinabanwa, maana jina la swala twiga tulishalitoa zamani. Analo yule wa nyika za Tsavo na Samburu, mwenye shingo ndefu, anayesimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani. Huyo ni swala kamili, utwiga wake ni wa shingo tu. Mwenye damu ya utwiga yuko Wyoming na shingo yake ni ya kawaida. Hatuwezi kumnyang'anya mmoja tukampa mwingine, na kumwita huyu swala wa Marekani ni kurudia kosa la wenyewe kwa lugha yetu.

Mimi ninamwita pembepanda. Panda ni pale kitu kinapogawanyika, kama kwenye njia panda au tawi la manati, na pembe ya dume lake hutoa tawi moja fupi kuelekea mbele. Jina hilo lina faida nyingine: halidai undugu na mtu. Pembe yenyewe ina habari zaidi. Ndani kuna mfupa usiodondoka, na juu yake kuna gamba gumu ambalo mnyama hulivua kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, kisha lingine huota. Gamba hilo tuliite ala, kama ala ya jambia. Sijui neno bora zaidi, na nadhani hata Wamarekani wangetuonea wivu.

Sasa tuseme mtu amekusudia kwenda kumwinda, na anaiita safari ya mara moja maishani. Neno hilo lisichukuliwe kimzaha. Katika jimbo la Utah, kwa mfano, lina uzito wa kisheria: ukipata kibali cha baisani, dume la kulungu mkubwa aitwaye moose au kondoo wa milimani na kukitumia, basi umemaliza zamu yako ya mnyama huyo. Pembepanda hayumo kwenye orodha hiyo. Kwake, mara moja maishani ni suala la nauli, umri na subira, wala si la sheria.

Subira inaanzia kwenye kura. Kwetu siku hizi kura ni karatasi ya uchaguzi, lakini maana yake ya kale ni kupiga bahati ili kumpata mmoja kati ya wengi, na ofisi ya wanyamapori ya Wyoming inatumia maana hiyo hiyo. Mgeni anaomba, anakosa, na kwa kukosa anaweza kujiwekea pointi za kumsogeza mbele mwaka unaofuata. Robo tatu ya leseni za wageni huwaendea wenye pointi nyingi, robo inayobaki ni bahati tupu. Pointi hizo zikitafsiriwa neno kwa neno zinakuwa pointi za upendeleo, na msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atauliza mara moja nani kapewa bahasha. Ziitwe pointi za subira.

Anayeongoza msafara ni nani? Sheria za Tanzania zina mwindaji bingwa, ambaye ni lazima kwa mgeni wa uwindaji wa kitalii. Wyoming humlazimisha mgeni kuwa na mwongozaji katika mapori maalumu ya hifadhi tu, na pembepanda hakai huko sana. Yeye ni wa nyanda wazi, kwenye vichaka vya rangi ya majivu. Kwa hiyo pesa ya mwongozaji hapa hununua ruhusa ya kuingia shamba la mfugaji, na jicho linalojua wanyama walinywa wapi jana. Mtu wa namna hiyo kwa Kiswahili ni mwenyeji, na sioni sababu ya kutafuta zaidi.

Maneno ya mbinu za kumwinda tunayo yote. Kunyatia ni kutambaa kwa tumbo kutoka bonde hadi bonde, kazi ngumu kwa sababu macho ya mnyama huyu ni makubwa, yako pembeni mwa kichwa, na nyasi hazimfichi mtu. Kuotea ni kukaa kwenye kibanda kando ya maji na kungoja. Zamani kulikuwa na kumghilibu pia: wawindaji walipunga kitambaa, naye kwa udadisi wake akasogea aone ni nini. Theodore Roosevelt, rais wa baadaye wa Marekani, alimwinda katika nyanda za Dakota miaka ya 1880, kabla hajashuka Mombasa mwaka 1909 na kusaidia kulieneza neno safari katika Kiingereza. Kumkimbiza, hakuna anayejaribu. Hukaribia kilomita 90 kwa saa, na duma anayemshinda kasi huchoka mapema. Ajabu ni kwamba mbele ya uzio wa seng'enge kwa kawaida haruki. Huinama na kupenya chini.

Akianguka, lugha inaharibika. Karatasi ambayo sheria inakutaka uifunge kwa mnyama imetajwa kwa neno ambalo kamusi hutafsiri mzoga, na kwa Mswahili mzoga hauliwi. Windo ndilo neno. Pembe za ukutani tunaziita nyara, jina la vitu vya vitani, na kwenye magazeti yetu nyara za serikali ni habari ya mahakamani.

Ninalobishana nalo zaidi ni kuvuna, neno ambalo maofisa wa wanyamapori wa kwetu na wa Marekani wanalipenda kwa sababu halina damu. Nilikuwa nikilikataa kabisa, hadi nilipoiangalia historia. Mwanzoni mwa karne ya 20 pembepanda walishuka hadi takribani 13,000. Walirudi kwa sheria kali na kwa fedha, zikiwemo zile za sheria ya 1937, iliyoelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye hifadhi ya wanyamapori. Leo ni mamia ya maelfu. Wawindaji kama kundi walipanda kitu, basi ofisi ikiandika kwamba msimu umevunwa, sawa. Lakini mtu mmoja na mnyama mmoja, mimi naandika ameua, halafu naendelea na sentensi inayofuata, ambayo ni kuchuna ngozi haraka na kutafuta barafu, maana Septemba ya Wyoming bado ina joto na nyama hiyo haingoji.