Mlango Mmoja, Mabawabu Wawili

Somo la leo ni historia ya neno la siri katika kompyuta. Tena tutaona kwa nini pengine neno hilo huulizwa mahali pasipofaa, na dawa yake ni nini.

Zamani kompyuta zilikuwa kubwa, tena ghali mno. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mashine iliyoweza kuhudumia watu kadha kwa pamoja. Lakini kila mtu alitaka mafaili yake yasiguswe na mwingine. Basi kila mtu akapewa neno lake la siri. Mashine iliuliza kwa maandishi, naye akajibu kwa maandishi. Huyo ndiye bawabu wa kwanza.

Baadaye watu waliweza kuingia katika kompyuta iliyo mbali. Hatari ikazidi, maana neno la siri lilipita njiani wazi, kama barua isiyo na bahasha. Mwaka 1995 maneno ya siri yalinaswa katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Helsinki, nchini Ufini. Kwa sababu hiyo Tatu Ylönen alitunga programu ya SSH, ambayo hugeuza maneno kuwa fumbo yakiwa safarini.

Wakati huo kompyuta nyingi zilikwisha kuwa na madirisha na picha. Programu iliyoanzishwa kwa kubofya picha haina mstari wa kuandikia. Itamwulizaje mtu? Ndipo akawekwa bawabu wa pili, yaani dirisha dogo la kuuliza neno la siri. Mashine huelekezwa kwake kwa agizo liitwalo SSH_ASKPASS.

Sasa angalieni shida. Wewe uko Mwanza, umeingia kwa maandishi katika kompyuta iliyoko Dodoma. Huko unatumia Git, programu ya mwaka 2005 ya kutunza matoleo ya kazi. Ikihitaji neno la siri nayo ikiona agizo lile, humwita bawabu wa dirisha, ingawa wewe unangoja kwenye maandishi. Dirisha likikosa kioo cha kufungukia, utaona maneno ya kosa. Likifunguka Dodoma, nani atalijibu?

Dawa ni fupi. Katika mashine ile ya mbali, andika: unset SSH_ASKPASS. Agizo limefutwa, na swali litakuja kwenye maandishi, mbele ya macho yako. Amri hii huisha utokapo. Ukitaka idumu, iandike katika faili la amri zisomwazo kila uingiapo.

Lakini sikilizeni vema. Wako watu ambao, kwa kuchoshwa na dirisha, huondoa neno la siri kabisa. Huko ni kung'oa mlango kwa sababu ya kumchukia bawabu. Sisi tumembadilisha bawabu. Kufuli limebaki palepale.

Swali la kujibu darasani: Kwa nini bawabu wa pili aliwekwa, na ni wakati gani hafai?

Kwaherini.