Maadili ya dawa za kuongeza nguvu michezoni

Maadili ya dawa za kuongeza nguvu michezoni ni mjadala kuhusu iwapo ni haki mwanamichezo kutumia dawa au njia za kitabibu ili apate uwezo ambao mazoezi peke yake hayakumpa. Dawa hizo huitwa pia dawa za kusisimua misuli, na nchini Kenya hutumika vilevile neno pufya. Kanuni za kimataifa zinazikataza, lakini sababu za katazo hilo bado zinajadiliwa.

Historia

Tarehe 13 Julai 1967 mwendesha baiskeli Tom Simpson wa Uingereza alifariki akipanda mlima Ventoux katika mashindano ya Tour de France. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa ametumia amfetamini. Mwaka 1968 upimaji ulianza katika Michezo ya Olimpiki. Mwaka 1988 mjini Seoul, Ben Johnson wa Kanada alinyang'anywa medali ya dhahabu ya mita 100 baada ya kukutwa na stanozololi.

Shirika la kimataifa la kupambana na dawa hizo (WADA) lilianzishwa mwaka 1999, na kanuni zake zilianza kutumika mwaka 2004.

Sababu za katazo

Kwa kawaida WADA huweza kuingiza dawa katika orodha ya zilizokatazwa ikiwa inatimiza masharti mawili kati ya matatu: inaweza kuongeza uwezo wa kushindana, inaweza kudhuru afya, au inakwenda kinyume na roho ya michezo.

Kuhusu afya, mfano unaojulikana ni homoni ya EPO. Homoni hiyo huongeza seli nyekundu za damu, ambazo hubeba oksijeni. Zikizidi, damu huwa nzito na huweza kuganda, jambo linalohatarisha moyo na ubongo.

Kuhusu usawa, anayetumia dawa humdhulumu mwenzake aliyefuata kanuni. Katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, Rashid Ramzi wa Bahrain alishinda mita 1500, lakini mwaka 2009 alipokonywa ushindi huo. Dhahabu ilikwenda kwa Asbel Kiprop wa Kenya, ambaye siku ya mbio hakupata nafasi ya kusimama juu ya jukwaa la mshindi. Miaka kadhaa baadaye Kiprop mwenyewe alikutwa na EPO, akafungiwa miaka minne ingawa alikana kosa hilo.

Hoja za wanaopinga katazo

Mwanafalsafa Julian Savulescu amependekeza kwamba dawa zilizo salama ziruhusiwe, na kinachopimwa kiwe afya ya mwanamichezo. Wenye mtazamo huo husema kwamba hata maumbile hayagawi vipaji kwa usawa. Eero Mäntyranta wa Ufini, bingwa wa Olimpiki wa kuteleza kwenye theluji, alizaliwa na jeni lililompa seli nyekundu nyingi kuliko kawaida. Vilevile wakimbiaji wanaofanya mazoezi Iten nchini Kenya, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, huongeza seli hizo bila kuvunja kanuni. Je, kuna tofauti gani kati ya mlima na sindano?

Watetezi wa katazo hujibu kwamba mwilini kuna mipaka ya asili inayozuia damu kuzidi sana kwa sababu ya mwinuko, ilhali sindano huweza kuivuka mipaka hiyo. Pia husema kwamba dawa ikiruhusiwa, haibaki kuwa hiari: asiyeitaka atalazimika kuitumia au kuacha kushindana.

Hiari na shinikizo

Shinikizo hilo lilionekana wazi katika Ujerumani Mashariki. Kuanzia miaka ya 1970 serikali iliendesha mpango wa siri wa kuwapa wanamichezo homoni za kiume, wakiwemo wasichana wadogo. Wengi waliambiwa kuwa ni vitamini. Baadhi yao walipata madhara ya kudumu. Mwaka 2000 mahakama mjini Berlin iliwatia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa kiongozi wa michezo nchini humo, na daktari Manfred Höppner.

Wajibu wa mwanamichezo

Kanuni za sasa humfanya mwanamichezo awajibike kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, hata kama hakukusudia. Kukosa kusudi au uzembe huweza kupunguza adhabu. Mgonjwa anayehitaji dawa iliyokatazwa anaweza kuomba kibali cha matibabu.

Wakosoaji huona kwamba utaratibu huu humwelemea mkimbiaji asiye na daktari wake wala mtu wa kumfafanulia orodha ndefu ya dawa, huku kocha au wakala aliyemshawishi akiweza kukwepa mkono wa sheria. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2016 ya kupambana na dawa hizo iliweka adhabu za jinai pia kwa watu wanaowasaidia wanamichezo kuvunja kanuni.