Windows ya bei ya chai: historia fupi ya programu za wizi

Hapa Kikambala wenye maduka na ofisi ndogo huniambia: "Wewe si umesomea kompyuta? Nitilie Windows na Office, nitakupa ya chai." Nikikataa naonekana nina maringo. Basi leo nieleze jambo hili limetoka wapi, sheria inasemaje, na kwa nini hasara yake kubwa si polisi.

Ugomvi ulianza zamani. Februari 1976 Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliandika barua ya wazi akiwalaumu wenye kompyuta za Altair kwa kunakili BASIC yake bila kulipa. Wengi hawakumwelewa. Kwao programu ilikuwa kitu cha kugawana, kama vile jirani anavyokuazima mbuzi ya nazi.

Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, waliokuwa wakiuza programu za matibabu, walichoka kuibiwa. Wakatengeneza Brain, kirusi cha kwanza kuenea kwenye kompyuta za PC, kikiwa na majina yao, anwani na simu. Diski zikanakiliwa mkono kwa mkono, nacho kikasafiri nazo hadi Marekani na Uingereza. Kwa hiyo tangu mwanzo virusi na nakala za wizi ni watoto wa nyumba moja.

Kwetu Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 1966 iliandikwa kwa ajili ya vitabu, muziki na filamu. Sheria Namba 12 ya 2001, iliyoanza kutumika Februari 2003, inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, sawa na riwaya, na ndiyo iliyounda Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Kabla ya hapo Microsoft ilikuwa imekwisha kwenda mahakamani Nairobi: mwaka 1999 iliishtaki kampuni ya Microskills Kenya kwa kunakili programu zake.

Je, mnunuzi ana kosa? Hapa wengi huchanganyikiwa. Kutengeneza nakala za kuuza ni jinai, na sheria ilipopitishwa iliweka faini isiyozidi shilingi 400,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kuwa na nakala ya wizi kwa matumizi yasiyo ya binafsi na ya nyumbani nako ni jinai. Maana yake saiba, hoteli, shule ya binafsi au duka la kuchapa barua haliwezi kujitetea kwamba "mimi nilinunua tu". Wa nyumbani naye asishangilie, kwani kunakili bila leseni bado ni kuvunja haki ya mwenye mali. Lakini ukiwa na nakala halali, sheria inakuruhusu kujiwekea nakala ya akiba.

Kwa nini basi uharamia ulishamiri? Bei. Leseni ilipangwa kwa mishahara ya Ulaya. Tena kabla ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti, ghali na ya pole pole, na sidii ya fundi ndiyo ilikuwa njia ya mkato. BSA, chama cha makampuni ya programu, kilikadiria kwamba mwaka 2011 asilimia 78 ya programu zilizowekwa Kenya hazikuwa na leseni. Mwaka 2017 kikasema 74. Ni makadirio ya wauzaji wenyewe, lakini anayetembea Mtwapa hadi Malindi hatayabishia sana.

Sasa hasara. Fundi akiweka kraki, kwanza hukuzimia kinga ya virusi, kisha mara nyingi huzima na masasisho ili Windows isigundulike. Umefungua mlango na kutupa komeo. Mei 2017 WannaCry ilifunga mafaili duniani kote, na dawa yake ilikuwa imetolewa tangu Machi. Waliozima masasisho hawakuipata. Kuna na STOP, kirusi kinachoteka mafaili na kudai fidia, ambacho njia yake kuu ya kuenea ni kraki zenyewe. Duka likipoteza daftari la madeni la miaka mitatu, ile chai ya fundi imekuwa karamu.

Na njia halali zipo. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili na bila malipo. Mwaka uliofuata Microsoft nayo ikatoa Kiswahili chake. Leo kuna LibreOffice, na kuna Linux ambayo hata kompyuta kuukuu huiweza.

Ushauri wangu: anza na LibreOffice wiki hii. Kama kazi yako haiwezekani bila programu ya kulipia, itie leseni kwenye hesabu ya biashara pamoja na kodi na stima. Na leo hii, kabla ya yote, nakili mafaili yako kwenye diski ya pembeni, kisha uichomoe.